Risasi ya Pongo na Kiti cha Kagugu

Jumatatu, 16 Juni 2025

Siku kubwa! Wakati wa chai Mama Jovina, bosi wetu, ametangaza kwamba tarehe mosi Julai anavuka mpaka kutoka hapa Kigali kwenda kwao Biharamulo, Tanzania, kuwinda. Kibali anacho. Bunduki ya marehemu mumewe iko kulekule, imetunzwa kisheria. Mnyama ni pongo, yule swala wa vichakani mwenye madoa ubavuni. Kilichobaki ni risasi. Mwaka jana mwenye duka la Mwanza alimchanganya kichwa, kwa hiyo safari hii anataka mmoja wetu amwandikie ni risasi gani anunue. Atakayeandika vizuri atakwenda naye. Alisema hayo huku akichovya andazi, kana kwamba ni jambo dogo.

Si jambo dogo. Ofisi yetu ya kutoa mizigo forodhani haijawahi kumpandisha mtu cheo kabla hajaenda porini na Mama. Anasema mtu humjui mpaka umwone akiwasha moto kwa kuni mbichi. Na tawi jipya la Kagugu linafunguliwa mwezi ujao. Halina mkuu.

Miaka tisa nimekaa kwenye meza iliyo karibu na choo. Miaka tisa! Kila anayepita kwenda msalani hunisalimu, na kila anayerudi hunisalimu tena. Kiti cha Kagugu ni changu. Nimeshakikalia moyoni.

Nikasimama, nikatangaza kwamba risasi ziko katika damu yangu, na kwamba Karagwe nzima inanijua kwa shabaha. Sharif akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Huyu Sharif ni mtu wa Tanga, anashughulikia hati za malori, hajawahi kuniheshimu hata siku moja. Akasema, “Haya nshomile, tufundishe.” Ndivyo wanavyotutania watu wa Bukoba. Sisi tukitaja uwezo wetu, wenzetu husikia majigambo. Basi nitamfundisha.

(Siri yangu na daftari hili: Karagwe nilibeba begi la mjomba. Lilikuwa na kanga wawili. Lakini nililibeba vizuri sana.)

Jumanne, 17 Juni

Nimesoma tangu asubuhi. Mizigo ya watu imesubiri, elimu haisubiri. Ulimwengu wa risasi ni mpana ajabu. Kuna yenye ncha laini, inayofunguka ikiingia nyamani. Kuna yenye ncha ngumu, inayopita moja kwa moja na kuendelea na safari zake. Kuna uzito wa kichwa cha risasi, unaopimwa kwa grein. Kuna kaliba, yaani unene wake, na namba zake zinaanza na nukta. Nukta! Jambo linaloanza na nukta si la watu wa kawaida.

Kufikia mchana nilikuwa nimeamua. Kaliba nukta tatu saba tano, ncha ngumu. Hii inaangusha nyati. Kama nyati anaanguka, pongo atajitetea kwa lipi? Mtu akinipinga hapo anapinga hesabu.

Nimeanza kumsomea Shallon ripoti yangu ili aichape. Shallon yuko mapokezi, ni binti wa hapahapa Rwanda aliyekulia Uganda, mpole, kucha ndefu lakini anachapa haraka kama mvua kwenye bati. Tulipofika ukurasa wa nne akaacha kuchapa, akaniuliza, “Muzehe Oswald, lakini hiyo bunduki ya Mama iko ya namna gani?”

Kwanza, muzehe! Nina miaka arobaini na tatu! Pili, nikamweleza kwa upole kwamba tumeulizwa risasi, hatukuulizwa bunduki. Ukiulizwa chumvi hujibu sufuria. Na mtaalamu akianza kuuliza maswali, watu wanajua kwamba hajui. Akasema sawa bosi, akaendelea kuchapa. Naona somo limemwingia.

Alhamisi, 19 Juni

Hatari! Leo Sharif aliingia kwa Mama, mlango ukafungwa. Nilikwenda kumwagilia ua lililo nje ya mlango ule. Ua lenyewe ni la plastiki, lakini lina vumbi. Nilimsikia Mama akisema mwaka huu Sharif asisahau kisu kama alivyosahau mwaka juzi, na Sharif akaapa kwamba kimeshanolewa.

Kisu! Watu wanatafuta risasi, wao wanazungumza kisu? Hiyo ni lugha ya mafumbo. “Kisu” ni Kagugu. “Kimeshanolewa” ni kwamba mambo yameiva. Sharif amenizunguka, anataka kiti changu!

Sikukasirika. Nilikasirika kidogo. Nilirudi mezani nikaunda mtego. Nimeandika karatasi moja, kwa mkono, kichwa chake RISASI BORA YA PONGO: MATOKEO YA UCHUNGUZI. Ndani nimeshauri marisau, zile punje ndogondogo za gobore ambazo watu huwapigia njiwa. Nimeongeza kwamba pongo huzimia kwa mshtuko. Kesho nitaiangusha karibu na meza ya Sharif kana kwamba imenitoka mfukoni. Ataiokota. Atainakili. Atajimaliza mwenyewe mbele ya Mama huku mimi nimekunja mikono.

Jumamosi, 21 Juni

Jana karatasi niliiangusha. Sharif aliiokota mara moja, akaisoma, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Nilijifanya natafuta kalamu chini ya meza ili nicheke.

Leo nimekwenda Kimisagara, mtaa wa mafundi. Wazo limenijia nikiwa naoga: maneno matupu hayamshindi mtu wa Tanga, lazima Mama aone kwa macho. Risasi ya kweli siwezi kuionyesha. Hapa Kigali mtu hakai na risasi nyumbani hata kwa pambo la ufunguo, na mimi ni mtu wa sheria. Kwa hiyo mbao.

Kuna fundi anaitwa Léonce, mtu wa Bukavu, anachonga miguu ya vitanda kwa mashine inayozunguka. Nikamchorea. Aliigeuza karatasi juu chini, akaniuliza, “Papa, hii kitanda yenye miguu ya hivi, atalala nani?” Nikamwambia achonge, asiulize. Leo kila mtu ana maswali!

Akasema mashine yake haishiki kipande kidogo kama kidole. Ndogo kabisa anayoweza ni urefu wa kiwiko hadi kiganja. Nikafikiri. Kubwa ni bora, Mama atayaona maelezo hata bila miwani. Amenichongea kumi na mbili, za kila aina: ncha laini, ncha ngumu, butu, mviringo. Nimezipaka rangi ya dhahabu mwenyewe, na kila moja nimeiandikia kaliba yake kwa wino mweusi. Zinapendeza mno. Nimezipanga kwenye sakafu kando ya kitanda zikauke, zimesimama wima mstari mmoja. Nimezipigia saluti. Hakuna aliyeona.

Jumatatu, 23 Juni

Sharif ni mtu mbaya kuliko nilivyodhani. Ni mwaminifu!

Badala ya kuiba karatasi yangu, aliichukua akampelekea Mama. Alimwambia Oswald ameangusha ripoti yake, maskini, na anajua jinsi alivyohangaika nayo, asije akaipoteza. Mama akaniita. Karatasi iko mezani, imekunjuliwa, juu yake miwani. Akanisomea kwa sauti pale pa pongo kuzimia kwa mshtuko. Akanitazama. Akauliza kama nilikuwa na homa.

Ningesema nini? Kwamba ni mtego wa kumwangamiza mwenzangu? Nikasema ni rasimu ya awali, na kwamba mtaalamu huanza na mawazo mabaya ili ayatupe. Mama akasema basi hilo nilitupe mbali. Nilipotoka, Sharif akaniuliza kama nimeipata karatasi yangu. Akanipa na kashata. Nikaila kwa hasira.

Sirudi nyuma. Ripoti kamili imefika ukurasa wa kumi na tatu.

Jumatano, 25 Juni

Naandika nikiwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba yangu mwenyewe, kwa sababu ndani kuna kikao kinachonihusu.

Ilikuwa hivi. Mama Gahongayire, mwenye nyumba wangu hapa Kabeza, aliingia mchana na fundi bomba. Bomba la bafuni linavuja tangu Pasaka. Akapita chumbani. Akakuta kumi na mbili za dhahabu zimesimama kando ya kitanda changu. Majirani wanasema kelele zilifika barabara ya uwanja wa ndege. “Amasasu! Mana yanjye, ni amasasu!” Kwa Kinyarwanda amasasu ndizo risasi; kwa maneno mengine alikuwa akimwita Mungu wake. Fundi bomba aliacha spana yake akatoka kwa kupitia dirishani, na dirisha langu ni dogo.

Nilipofika kutoka kazini nilimkuta Kalisa, mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, pamoja na wazee wawili wa usalama. Walikuwa wamesimama mlangoni hawataki kuingia. Kalisa ni mtu wa adabu, aliwahi kuishi Ngara, Kiswahili chake kimenyooka. Akaniomba nieleze. Nikaingia, nikachukua nukta tatu saba tano, nikaigonga ukutani. Ko! Mbao! Wote walikuwa wamelala chini. Nadhani ningeanza kwa maneno.

Baada ya kujifuta vumbi waliingia, wakazishika, wakazinusa. Mama Gahongayire ananiuliza kila baada ya dakika tano, “Sasa Oswald, mutu muzima kama wewe, hii iko ya nini?” Nimemwambia ni ya kazi. Ameniuliza kazi gani ya forodha iko na bomu ya mbao. Swali la kijinga. Nimesogeza kiti mbali na mlango.

Uamuzi umetoka sasa hivi: hakuna kosa, lakini mtaa umeshtuka. Jumamosi baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, nitasimama mbele ya wote nijieleze.

Nijieleze? Nitawafundisha!

Jumamosi, 28 Juni

Umuganda. Tulisafisha mtaro na kuandaa ukanda wa maua kando ya barabara yetu. Nililima kwa nguvu ili watu waone kwamba mtu mwenye risasi kumi na mbili ana pia jembe.

Kikao kikafuata. Karibu watu mia, wamekaa kwenye nyasi. Kalisa akanikaribisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa dakika arobaini, na ramani ya pongo. Nilianza na historia ya baruti. Kalisa akatafsiri kwa Kinyarwanda. Mimi nikasema sentensi kumi, yeye akasema mbili. Nikamwuliza mbona anapunguza, akasema Kinyarwanda ni lugha ya muhtasari. Sikuridhika, lakini nilikuwa katikati ya grein.

Nilipofika kwenye nukta tatu saba tano nikainua mfano juu kwa mikono miwili, nikawaambia hii ndiyo itakayomwangusha pongo wa Mama Jovina. Wakanitumbulia macho. Nikadhani ni heshima. Ndipo mzee mmoja nyuma, mwenye kofia ya sufi, akauliza kitu, watu wote wakaangua kicheko. Kalisa hakutaka kutafsiri. Nikamlazimisha. Mzee alikuwa ameuliza kama huyo pongo amekopa kwangu, maana hicho kitu hakitabakisha hata mkia wa mchuzi.

Nikamjibu kwamba mkia si sehemu muhimu ya pongo. Wakacheka zaidi. Acha wacheke! Kila mwenye wazo kubwa alichekwa na watu waliokaa kwenye nyasi.

Mwisho wakapitisha azimio. Kwa sababu ukanda wa maua hauna vigingi vya kushikilia kamba, na kwa sababu mimi nina mbao kumi na mbili zenye ncha, mtaa umeniomba nizitoe. Kuomba kwenyewe kulikuwa kwa mikono tayari imezishika. Kumi na moja zimegongelewa ardhini kwa nyundo, ncha chini, vitako juu, dhahabu inang'aa barabara nzima. Niliokoa moja tu. Mama Gahongayire amesema maua yamependeza. Kwa hiyo kaliba zangu zinalinda mtaa, na kuna watu bado wanasema sina mchango.

Ripoti: kurasa kumi na saba. Shallon amechapa yote. Jumatatu ndiyo siku.

Jumatatu, 30 Juni

Nitaandika kama ilivyotokea. Sitaficha kitu, kwa kuwa sina cha kuonea aibu.

Saa nne Mama alituita sote. Nikaanza. Nilivaa tai. Niliweka mfano wangu wa dhahabu katikati ya meza, nikasoma kurasa kumi na saba bila kunywa maji. Mama hakunikatiza. Sharif alisinzia mara moja tu. Nilipofunga ukurasa wa mwisho nilisikia kabisa kiti cha Kagugu kikiniita kwa jina.

Mama akavua miwani. Akaniuliza jambo moja. “Oswald, bunduki yangu ni kaliba gani?”

Nikanyoosha tai. Nikasema bunduki hubadilika, Mama, lakini risasi bora ni bora. Akasema ya kwake haijabadilika tangu marehemu ainunue. Ni nukta thelathini sifuri sita, imeandikwa kwenye mtutu, na risasi niliyomletea haiingii humo hata kwa nyundo na sala. “Kurasa kumi na saba,” akasema, “na hakuna hata ukurasa mmoja wa kuniuliza.”

Sharif naye akazinduka. Akaomba kusema, kwa upole ule wake unaoudhi. Akasema hata ingeingia, yeye angechinja nini? Moshi? Hapo ndipo nilipoelewa kisu. Kisu ni kisu! Kila mwaka Sharif huenda kama mchinjaji. Mnyama akianguka, yeye hukimbia na kumchinja kabla roho haijatoka, ili nyama iliwe na kila mtu ofisini, Mwislamu na Mkristo, chungu kimoja. Ndiyo desturi yao tangu enzi za marehemu, na nafasi yake garini haikuwahi kushindaniwa na mtu. Miaka tisa nimekula nyama ile bila kuuliza ni nani aliyeichinja. Hakuwa akitaka Kagugu. Akasema Kagugu ni mbali na msikiti wake.

Wiki mbili nimempiga vita mtu ambaye hakuwa vitani!

Kisha Mama akauliza kama kuna mwingine aliyeandika. Shallon akainua mkono. Shallon! Ana karatasi moja. Mistari minne. Ninaikumbuka yote kwa sababu imenikaa kooni. Bunduki ni thelathini sifuri sita, hivyo risasi ni hiyohiyo na si nyingine. Ncha iwe laini, maana pongo ana ngozi nyembamba na mwili mdogo. Uzito grein mia moja na themanini, kama zile ambazo bunduki ilipimiwa shabaha mwaka juzi, kabla mwenye duka hajabadilisha. Piga nyuma ya bega, ili Sharif awahi.

Mama akamwambia atueleze sote alijuaje. Akasema aliuliza. Alimpigia simu Mama Jumapili moja baada ya ibada, akampigia mwenye duka la Mwanza, halafu akatazama nakala ya kibali cha bunduki kwenye kabati la mafaili. Kabati lipi? Lile lililo nyuma ya kiti changu. Nimeliegemea miaka tisa.

Shallon anakwenda Biharamulo. Nilimpongeza kwa mkono. Akasema, “Asante muzehe, bila wewe nisingejua maneno yote haya ya risasi.” Nilimtazama vizuri kama ananikejeli. Hanikejeli. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Naam, niliumia. Nimeandika hapa kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Nilikwenda msalani nikakaa muda mrefu, na nilipotoka hakukuwa na mtu mezani pangu wa kunisalimu.

Lakini hebu tuwe wakweli. Yeye mistari minne, mimi kurasa kumi na saba. Kama ni kwa mzani, nimeshinda.

Jumanne, 8 Julai

Wamerudi. Pongo mmoja, risasi moja, nyuma ya bega, Sharif akawahi. Nyama imekaushwa na imevuka mpaka ikiwa na karatasi kamili za mifugo, za afya na za forodha. Pongo yule ana hati nyingi kuliko mimi.

Shallon, wanasema, aliwasha moto kwa kuni mbichi mara ya kwanza. Aliwauliza wenyeji wanafanyaje. Anauliza, anauliza, mpaka moto unawaka wenyewe kwa kuchoka.

Mama ametangaza. Mkuu wa tawi la Kagugu ni Shallon.

Baadaye akaniita peke yangu. Nilisimama wima, tayari kwa vita. Hakunipiga vita. Alinikatia kipande cha nyama kwa mkono wake, akasema mimi ni mchapakazi, hakuna mtu ofisini anayechoka kama mimi, lakini ninakimbia kabla sijaonyeshwa njia. Akasema siku nyingine niulize kwanza. Shallon mwenyewe ameniomba niende naye Kagugu niwe msaidizi wake, na kama mwezi wa kwanza nitaufanya vizuri, usaidizi huo utakuwa na cheo na meza ya kwangu. Mbali na choo.

Nilimwambia nimeelewa, Mama. Na nimeelewa kweli. Kuuliza kwanza. Jambo rahisi. Nyama ilikuwa tamu mpaka nikafumba macho. Ningependa tu kusema kwamba ilikosa uzito fulani ambao nukta tatu saba tano ingeupa.

Jumatatu, 14 Julai

Kagugu! Siku ya kwanza!

Kikao kilianza saa mbili. Shallon akasema tuna mteja wetu wa kwanza, na mzigo wake umefika uwanja wa ndege, unatakiwa Kagugu kabla ya saa sita. Akauliza ni nani atakayetafuta usafiri. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafika kwenye “usafiri”. Akasema subiri Oswald, nimalizie. Nikamwambia asijisumbue, mambo ya usafiri yako katika damu yangu, Karagwe nzima inanijua kwa malori. Nilikuwa nimeshafika getini.

Saa tatu na nusu nilikuwa nimeshapata gari. Na gari gani! Lori la magurudumu kumi, turubai jipya, honi inayotikisa madirisha. Dereva akaniuliza tunabeba nini. Nikamwambia aendeshe. Simu ikaanza kulia: Shallon. Ikalia tena: Shallon. Sikupokea. Wakubwa wapya huuliza sana, ukiwapokea kila mara hawajifunzi.

Uwanja wa ndege ilibidi wafungue geti kubwa ili tuingie. Watu walitazama. Nilishuka na tai yangu, nikasaini, nikawaambia walete mzigo na watu wa kupakia wasipungue sita. Akaja dada mmoja. Ameshika bahasha. Bahasha ya kaki, nyembamba, ndani yake hati mbili za mteja.

Hapo ndipo nilipofungua ujumbe wa Shallon. Ulikuwa umeandikwa saa mbili na robo. Chukua pikipiki.

Mwingine angeona haya. Mwingine angelirudisha lori kimyakimya, akapanda pikipiki na bahasha kifuani. Mimi si mwingine. Nimewaambia wafungue nyuma. Bahasha nimeilaza katikati ya lori, nimeifunga kamba kwa pande nne, nimeifunika turubai. Tunapanda kilima sasa hivi na ninaandika haya mbele, kando ya dereva, mwandiko unaruka kwa sababu ya mashimo. Nyuma yetu kuna foleni ya magari yanayopiga honi, kwa sababu lori hili halipendi vilima. Waache wapige. Mteja akituona tunaingia atajua ofisi ya Kagugu haifanyi mchezo na bahasha za watu.

Shallon anapiga tena. Nitampokea tukishafika, nikimaliza kutafuta pa kugeuzia lori.